Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Kisumu: Ngozi ya Mbuta, Mgongo Wazi na Kiwanda cha Peptidi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu, kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bunge la Kaunti, na kwa wakuu wa taasisi za utafiti zilizo kando ya ziwa letu la Viktoria.

Waheshimiwa,

Naomba idhini ya kuleta mbele yenu, na mbele ya kila msomaji aliye na mapenzi na mji huu, shauri moja lililokaa moyoni mwangu kwa muda mrefu, nalo ni kwamba ngozi na magamba ya samaki yanayotoka katika viwanda vyetu na katika fuo zetu, ambayo leo aghalabu hutupwa, au huuzwa kwa bei ya kutupa, au husafirishwa ng'ambo yakiwa mabichi, yageuzwe hapa hapa Kisumu kuwa peptidi zenye manufaa kwa afya ya wanadamu. Pamoja na shauri hilo naleta sharti, ambalo kwangu lina uzito sawa na shauri lenyewe: mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, na omena, yaani dagaa wa ziwani, ambavyo ni kitoweo cha maskini, visiguswe na kiwanda hicho hata siku moja.

Kwa kuwa neno peptidi ni geni masikioni mwa wengi, naomba nianze na maelezo yake. Protini iliyomo katika nyama, maziwa, kunde, mayai na samaki ni mnyororo mrefu wa chembe ziitwazo asidi amino, zilizofuatana kama shanga zilizotungwa katika uzi. Na mnyororo huo unapokatwa vipande vifupi, vya shanga mbili au tatu au ishirini na kitu, kila kipande huitwa peptidi. Ajabu iliyomo katika jambo hili ni kwamba kipande kisicho na kazi yoyote kikiwa kimefungwa ndani ya protini yake, huweza, kikifunguliwa, kuwa na amri juu ya mishipa ya damu, juu ya vijidudu, juu ya mifupa, au juu ya sukari iliyomo mwilini. Chakula tunachokula kila siku, kwa hiyo, kimebeba ndani yake hazina ambayo tumbo hufungua sehemu yake tu, na ambayo kiwanda chenye maarifa kinaweza kuifungua kwa makusudi, kwa kipimo, na kwa wingi.

Maarifa haya si ya jana. Mnamo mwaka 1950 Mellander, mtaalamu wa Uswidi, aliandika kwamba vipande vya kaseini, ambayo ndiyo protini kuu ya maziwa, viliwasaidia watoto wenye matege kutia kalisi katika mifupa yao. Mwaka 1965 Sergio Ferreira wa Brazili alichapisha habari za peptidi alizozipata katika sumu ya nyoka aitwaye jararaca, ambazo baadaye zilidhihirika kuwa zinakizuia kimeng'enya kimoja cha mwili wa binadamu, kile kinachoikata peptidi ya asidi amino 10 ikabaki na 8, na hiyo yenye 8 ndiyo inayokaza mishipa na kupandisha shinikizo la damu. David Cushman na Miguel Ondetti, waliokuwa watumishi wa kampuni ya Squibb huko Marekani, waliyafuata maumbile ya peptidi za nyoka huyo wakaunda kaptoprili, dawa iliyoruhusiwa nchini mwao mwaka 1981, na ambayo ndugu zake, enalaprili akiwa mmojawapo, hutolewa leo kwa wagonjwa wa presha katika hospitali zetu, ikiwamo ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo watu wa mji huu hawajaacha kuiita Russia. Walakini jambo linalotuhusu zaidi lilitokea mwaka 1979, kabla dawa hiyo haijafika madukani: Oshima na wenzake wa Japani walionyesha kwamba jelatini ikikatwa kwa kimeng'enya cha bakteria hutoa peptidi zinazokizuia kimeng'enya kile kile kinachozuiwa na sumu ya jararaca. Jelatini, kama mnavyojua, hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa.

Tangu hapo Wajapani hawakulala. Kampuni ya Calpis ilichachusha maziwa kwa bakteria aitwaye Lactobacillus helveticus ikapata peptidi mbili za asidi amino tatu tatu, ikazifanya kinywaji cha watu wenye shinikizo la damu lililopanda kidogo. Wengine walizitoa peptidi kama hizo katika dagaa wa baharini, na wengine katika jodari mkavu ambaye kwao ni kiungo cha supu tangu enzi na enzi. Serikali yao, mnamo mwaka 1991, iliweka utaratibu maalumu wa vyakula vyenye manufaa ya afya, ili mwenye kudai kwamba chakula chake kina faida fulani alete ushahidi kwanza, ndipo apewe ruhusa ya kuandika dai hilo juu ya chupa.

Wala asidhani mtu kwamba samaki hajawahi kutoa dawa iliyo dawa kweli kweli. Friedrich Miescher wa Basel aliipata protamini mwaka 1874 katika mbegu za samoni dume. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmaki aliichanganya na insulini ili insulini idumu mwilini kwa muda mrefu zaidi. Na hadi leo protamini imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ndiyo inayokata nguvu ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, pale inapozidi. Insulini yenyewe, kwa miaka sitini hivi, ilitokana na kongosho za ng'ombe na nguruwe zilizookotwa machinjioni, na ilihitajika zaidi ya tani 2 za viungo vya nguruwe ili ipatikane insulini safi ya wakia 8 tu. Ndipo mwaka 1982 ikaruhusiwa insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa bakteria, na machinjio yakapumzika. Nawakumbusha habari hizi kwa sababu moja: viwanda vilivyowaokoa wagonjwa wa kisukari wa dunia nzima vilianza kwa kuyatazama mabaki ya machinjio kwa jicho la heshima. Sisi wa Kisumu tunayo machinjio ya samaki.

Sasa naja nyumbani. Mbuta, ambaye aliingizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na ambaye ndugu zetu wa Mwanza humwita sangara, anapofika kiwandani hutolewa minofu miwili, ikagandishwa, ikapelekwa Ulaya na kwingineko. Na kilichobaki, yaani kichwa, mifupa, ngozi, magamba, mafuta na matumbo, ni zaidi ya nusu ya uzito wake. Ngozi yake ni kolajeni kwa sehemu kubwa, na kolajeni ndiyo mama wa jelatini, na jelatini ndiyo ile aliyoikata Oshima. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba ngozi hii ni njema. Mwaka 2004 John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pretoria, alichapisha uchunguzi wa kolajeni na jelatini zilizotoka katika ngozi na mifupa ya samaki huyu wa ziwa letu, akaonyesha kwamba kolajeni yake ni ya aina ya kwanza, yenye wingi wa prolini na hidroksiprolini kuliko samaki wengi, na kwamba hustahimili joto hadi nyuzi 36 hivi kabla ya kupoteza umbo lake, ilhali ile ya samaki wa bahari za baridi hulegea mapema zaidi. Utafiti huo ulifanywa na mwana wa Afrika Mashariki juu ya samaki wa Afrika Mashariki, ukasomwa na dunia, na umri wake sasa umepita miaka 20, na bado hakuna kiwanda kikubwa kando ya ziwa hili kilichosimama juu yake. Jambo hili linaniumiza.

Linaniumiza zaidi nikitazama habari ya mabondo. Kila mvuvi wa Dunga na Usoma anajua kwamba kile kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa mbuta, ambacho zamani hakikuwa na mwenyewe, leo huuzwa kwa bei inayoishinda mara nyingi ile ya mnofu, na kwamba kinakwenda Uchina kikiwa kimekaushwa tu. Kibofu hicho ni kolajeni iliyo karibu kuwa safi kabisa. Mnunuzi wa ng'ambo ameijua thamani yake, mvuvi amejua bei yake, ila elimu ya kukigeuza haijakaa mahali popote kati ya wawili hao, na kwa hiyo hatuna la kusema juu ya bei ikipanda wala ikishuka. Huku unga wa kolajeni unauzwa katika maduka ya dawa ya Nairobi ndani ya makopo yaliyotoka mabara mengine, na akina mama wenye uwezo huununua ili ngozi zao zinawiri na magoti yao yasiume.

Kazi ya kuzitoa peptidi katika ngozi si sihiri. Ngozi huoshwa, hutolewa mafuta, hulainishwa kwa dawa ya alikali au ya asidi, kisha hutiwa katika pipa kubwa la chuma kisichoshika kutu, lenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 50 au 60, na humo hutiwa kimeng'enya ambacho kwa saa kadhaa huikata kolajeni vipande vipande. Ikifika kiasi kilichokusudiwa joto hupandishwa hadi karibu nyuzi 90 ili kimeng'enya kife na ukataji usimame. Kisha mafuta na mashapo hutengwa, maji yanayobaki hupitishwa katika chekeche zenye matundu madogo mno yanayoziruhusu peptidi fupi na kuzizuia ndefu, na mwisho hukaushwa yakawa unga mweupe. Vimeng'enya vingi vinavyotumika huagizwa kutoka Ulaya na Asia, lakini kimoja cha kale na cha kuaminika, papaini, hutoka katika utomvu wa papai bichi, na eneo letu lilikuwa na sifa ya biashara hiyo: Tanganyika iliuza papaini nchi za nje kabla ya uhuru, na mashariki ya Kongo, upande wa Beni, mapapai yangali yanagemwa kwa ajili hiyo. Mkulima wa Nyando mwenye mipapai shambani anaweza siku moja kuwa na sehemu yake katika kiwanda cha samaki.

Ugumu umo katika ukubwa. Kukata gramu chache za ngozi ndani ya chupa ya maabara ni kazi ya mwanafunzi mmoja na siku moja; kukata tani kila siku, na kila pipa likatoka na peptidi zile zile, kwa kiasi kile kile, ni kazi ya taifa lenye nidhamu. Joto la Kisumu huozesha ngozi kwa saa chache, basi barafu sharti iwepo ufuoni kabla ya lori kufika. Chekeche huziba na ni ghali. Kukausha kunakula umeme kwa pupa, na umeme wetu mnaujua. Peptidi nyingine ni chungu ulimini hata mgonjwa asiweze kuzimeza. Na ikiwa tunataka peptidi moja iliyo safi, iliyotengwa na nyingine zote, gharama hupanda mno hata mara nyingi huwa nafuu kuiunda kwa kemia au kwa vijidudu kuliko kuitafuta ndani ya ngozi. Kwa ajili hiyo mimi siwaombei kiwanda cha kutengeneza sindano za hospitali. Naomba kiwanda cha mchanganyiko wa peptidi za kolajeni, ulio chakula chenye faida na msingi wa bidhaa za tiba, pamoja na jelatini ya kutengenezea kapsuli, ambayo ikitoka kwa samaki humwondolea Mwislamu wa Mombasa, wa Unguja na wa Maskati ile shaka anayokuwa nayo kila anapopewa dawa iliyofungwa katika jelatini asiyoijua asili yake.

Naja sasa kwenye sharti langu, na hapa nawasihi mnisikilize kwa makini, maana ndipo viongozi wema wanapoweza kudhuru bila ya kukusudia.

Mgongo wazi ni ile mifupa ya mbuta, pamoja na kichwa chake na mkia wake, inayobaki baada ya minofu kwenda zake. Viwanda vya minofu vilipoenea hapa Kisumu katika miaka ya 1980, wanawake wa Obunga, ambao kijiji chao cha mabati kiko karibu na eneo la viwanda, waliitwaa mifupa hiyo, wakaikausha juani, wakaikaanga, wakaiuza sokoni na katika miji ya mbali, na hivyo wakajenga biashara nzima juu ya kitu ambacho wenye viwanda walikihesabu kuwa takataka. Na maelfu ya watoto wa nchi hii wamekua kwa ile nyama kidogo iliyoganda kati ya miiba. Kisha wakaja wenye viwanda vya unga wa samaki wa kulishia mifugo, nao waliitaka mifupa ile ile na omena wale wale, na mifuko yao ilikuwa mizito kuliko vibindo vya akina mama. Mwaka 1997 Richard Abila wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, pamoja na Eirik Jansen, waliandika ripoti juu ya mambo hayo, wakaeleza jinsi samaki wa ziwa anavyoondoka katika sahani za watu wanaoishi kando yake akaelekea katika masoko ya dunia na katika mabirika ya kuku. Muda si muda Ulaya ilifunga milango yake kwa samaki wetu, kati ya mwaka 1997 na 1999, mara kwa vijidudu, mara kwa kipindupindu, mara kwa habari za sumu iliyotumiwa kuvulia. Viwanda vikasimama, na waliotegemea mifupa ya viwanda hivyo wakaumia pamoja na walioajiriwa ndani yake.

Kutokana na historia hiyo najua litakalotokea kiwanda cha peptidi kikianzishwa bila ya sheria. Msimamizi wake, ambaye kazi yake ni kutafuta protini kwa bei nafuu, atagundua kwamba mgongo wazi una protini nyingi, kwamba omena ana protini nyingi zaidi, na kwamba muuzaji wa Obunga hawezi kushindana naye kwa nakidi. Hatakuwa mtu mbaya. Atafanya hesabu tu, na hesabu itamwambia anunue. Hapo tutakuwa tumeutwaa mlo wa mtoto wa mtaa wa Nyalenda, tukaukata kwa vimeng'enya, tukaukausha, tukautia katika kopo zuri, tukamuuzia mtu mwenye chakula cha kutosha anayetaka kupunguza mikunjo ya uso; na mtoto yule, aliyekosa protini, ataletwa katika zahanati ya kaunti ambayo ninyi wenyewe mnaigharimia. Sioni faida ya fedha za kigeni inayoweza kuhalalisha biashara ya namna hiyo. Ndiyo maana naomba sheria ya kaunti, iliyoandikwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, itakayotaja kwa majina vitu ambavyo kiwanda kinaweza kununua: ngozi, magamba, mapezi na mabondo ya mbuta, pamoja na ngozi na magamba ya ngege, yaani tilapia, wanaofugwa katika vizimba, na vitu ambavyo hakiwezi kuvinunua: mgongo wazi, vichwa, na omena.

Katika wingi wa mambo ya siku hizi, vizimba hivyo vya ngege ni neema kwa shauri hili, kwa sababu mbuta amepungua na baadhi ya viwanda vyake mjini vimefungwa kwa kukosa samaki, ilhali ufugaji wa ngege kuanzia Kisumu hadi Homa Bay na Siaya umezidi kukua, na magamba yake hutupwa ufuoni yakanuka. Wala kiwanda kisije kikawa kishawishi cha kuvua wachanga: mbuta aliye chini ya sentimita 50 ni haramu kwa sheria za uvuvi, na ngozi yake iwe haramu kiwandani vile vile, na kamati za usimamizi wa fuo, ambazo sote tumezizoea kwa jina la BMU, zipewe haki ya kukagua.

Lipo jambo jingine linalohitaji tahadhari, nalo ni ulimi wa muuzaji. Uchunguzi wa hali ya afya uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la damu lililopanda, na wengi wao hawakuwa wamejijua. Mtu wa namna hiyo akiambiwa sokoni Kibuye kwamba unga wa ngozi ya mbuta unatibu presha, ataacha vidonge vya enalaprili, ambavyo ni vya bei nafuu na vimethibitika, akanunua unga. Na siku moja ataanguka. Ukweli uliopo ni huu: ndani ya chupa ya maabara peptidi nyingi za chakula hukizuia kimeng'enya cha presha, ndani ya panya wengi hupunguza presha, ndani ya mwanadamu, ambaye tumbo lake huzikata tena na ambaye utumbo wake huzipokea kidogo tu, matokeo huwa hafifu na hayafanani kila mahali. Peptidi zile za maziwa za Wajapani, ambazo zimejaribiwa kwa watu kuliko nyingine nyingi, zilipopelekwa mbele ya mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mamlaka ilisema kwamba ushahidi haukutosha kuthibitisha dai la presha. Japani ilikubali, Ulaya ilikataa, na wote wawili ni watu wa elimu.

Kwa hiyo insafu inatudai tuwe waangalifu kuliko wote wawili. Bidhaa ya Kisumu iuzwe kwanza kama chakula, chini ya sheria ya vyakula, dawa na kemikali, Sura ya 254, na kwa viwango vya KEBS, shirika la viwango la nchi; na neno tiba lisiandikwe juu ya kopo lolote mpaka Bodi ya Famasia na Sumu iridhike. Ushahidi utafutwe hapa hapa. Kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kilichoko Kisian kimefanya majaribio makubwa ya kinga ya malaria ambayo dunia nzima imeyategemea, na sidhani kwamba watu walioweza kupima chanjo ya malaria watashindwa kupima kama unga wa ngozi ya samaki unafaa kwa kidonda cha mgonjwa wa kisukari, au kwa goti la mzee, au kwa presha. Matokeo yakiwa mema, tutayatangaza kwa kichwa kilichoinuka. Yakiwa si mema, yachapishwe vile vile, na unga uendelee kuitwa chakula.

Najua pia kwamba mtu akitaja kiwanda kikubwa mbele ya watu wa Kisumu, wazee watamkumbusha kiwanda cha molasi, kilichoanza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa matumaini makubwa, kikasimama kabla ya kutimiza kazi yake, kikalala kwa miaka mingi mbele ya macho yetu hadi kilipoamshwa mwanzoni mwa karne hii. Shauri langu halihitaji jengo la fahari. Linahitaji pipa moja la lita elfu moja au mbili, chekeche zake, mashine moja ya kukaushia na chumba cha barafu, vikae chini ya KIRDI, ambayo ina tawi hapa mjini na ambayo kazi yake kwa sheria ni utafiti wa viwanda. KMFRI ipime ngozi zinatoka wapi na kwa wingi gani kila mwezi. Chuo Kikuu cha Maseno na kile cha Jaramogi Oginga Odinga cha Bondo vilete wanafunzi wa kemia na wa vyakula wajifunze kwa mikono yao. Pipa hilo likitoa unga ule ule mwezi baada ya mwezi, kwa gharama inayojulikana, ndipo mtaji mkubwa utafutwe, na kaunti nyingine za ukanda wa ziwa zialikwe kutia sehemu zao. Kenya imepewa asilimia 6 tu ya Ziwa Viktoria; hatuna samaki wa kuchezea katika majaribio yasiyo na hesabu.

Kuhusu maji machafu nitasema machache, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Kiwanda cha namna hii hutoa maji yenye mafuta, chumvi na masalio ya protini, na Ghuba ya Winam tayari imesongwa na gugu maji na mwani unaotokana na uchafu wa miji na mashamba. Kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kisitolewe kwa ahadi ya kujenga mtambo wa kusafishia baadaye. Mtambo huo uwe wa kwanza kujengwa.

Na haki ya umiliki isisahauliwe. Ikitokea peptidi mpya kutoka katika ngozi ya samaki wa ziwa hili, hataza yake iandikwe kwa jina la taasisi ya umma ya nchi hii, na sehemu ya pato lake irudi kwa BMU za wavuvi na kwa chama cha akina mama wa Obunga, ambao walikuwa wa kwanza mjini hapa kuyaona mabaki ya mbuta kuwa mali, kabla ya profesa yeyote na kabla ya mimi kuandika barua hii.

Waheshimiwa, makadirio ya fedha ya kaunti hupitishwa kabla ya mwezi wa Julai kila mwaka, na sheria inawataka mwasikilize wananchi kabla ya kuyapitisha. Nawaomba katika vikao vijavyo vya kusikiliza maoni mweke mezani mambo mawili kwa pamoja, wala msikubali litangulie la fedha na la pili likabaki nyuma: fungu la kuanzisha pipa la majaribio katika KIRDI, na mswada wa kuulinda mgongo wazi na omena. Wanawake wa Obunga waalikwe kwenye kikao hicho kwa barua, wapewe nafasi ya kusema kabla ya wataalamu, na maneno yao yaandikwe katika kumbukumbu za Bunge.

Nasalimu kwa heshima,

Mkazi wa Kisumu